Mfuko wa Gauni la Sekela

Jumamosi ya Tupokigwe ilikuwa na utaratibu wake, na hata mvua ya Tukuyu ilishindwa kuuvuruga. Aliamka, alifagia ua, alikunywa chai kwa ndizi za kuchemsha, aliosha vyombo, kisha alimwambia mama yake, "Mama, nimemaliza," hata kama hajamaliza. Mama alichungulia jikoni, akaona sufuria ya ugali imelowekwa tu, akasema, "Umemaliza nini, wewe? Rudi hapa." Ndipo alipomaliza kweli.

Saa tatu Mwantum alikuwa ameshafika mlangoni na mwavuli wake wenye mguu mmoja uliovunjika, na mfuko wa mabaki ya vitambaa kwapani. Mwantum ni binti wa Fundi Hamis, fundi cherehani wa karibu na soko. Yeye na Tupokigwe walisoma darasa la sita, dawati moja. Ukimkosa mmoja, ulikwenda kumtafuta kwa mwenzake.

Basi walishika njia kutoka Makandana kwenda Kawetele, kwa Bibi Hellen, bibi yake Tupokigwe mzaa mama. Huko walikuwa wakijifunza kushona nguo za midoli kwa mkono. Midoli yenyewe waliitengeneza wao, kwa maganda makavu ya migomba, na kila mmoja alikuwa na wa kwake. Darasani walitaniwa sana.

"Darasa la sita bado mnacheza midoli?" wenzao waliwauliza.

"Hatuchezi," Tupokigwe alijibu haraka. "Tunajifunza ufundi. Midoli ni ya watoto."

Alijibu haraka mno, kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajachungulia ndani. Ukweli ni kwamba Tupokigwe, pamoja na miaka yake kumi na miwili na urefu wake wa kumfikia mama yake begani, bado alitamani kucheza. Alitamani kumbeba mdoli mgongoni, amfunge kwa kanga, ambembeleze. Lakini angemwambia nani? Wangemcheka mpaka likizo.

Bibi Hellen hakuwa na mchezo na sindano. Uzi haukuruhusiwa kuwa mrefu kupita toka ncha za vidole hadi kiwiko, maana ukizidi hapo unajisokota na kufanya vifundo. Sindano zilihesabiwa mwanzo na zikahesabiwa mwisho. Na ukimpelekea kazi yako hakuitazama kwa nje. Aliigeuza ndani nje kwanza, akaisogeza karibu na dirisha, akaipitia mshono kwa mshono huku wewe umesimama ukisubiri.

"Gwe, hapa ulikuwa unashona au ulikuwa unakimbizwa?" alikuuliza, na hapo ulijua unafumua.

Mwantum alifumua mara chache. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mishono yake midogo na imelingana. Tupokigwe alifumua sana, akanuna sana, kisha akarudia.

"Nguo ya mdoli ni ngumu kuliko ya mtu," Bibi alimfariji. "Mtu, nguo ikimbana, anaweza kuvuta tumbo ndani. Mdoli atavuta nini?"

Lakini mdoli wa maana katika nyumba ile alikuwa Sekela. Sekela alikaa kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati la sebuleni, amefunikwa kwa leso. Mama yake Bibi Hellen alimshona kwa mikono yake mwenyewe zaidi ya miaka sitini iliyopita, binti zake walipokuwa wadogo. Mwili wake ulikuwa wa marekani, kitambaa kile kizito cheupe cha watu wa zamani, na nywele za uzi mweusi zilizosukwa mistari mitatu. Gauni lake lilikuwa la marekani pia, limezeeka hadi likawa na rangi ya maziwa. Hata uzi wake ulichomolewa kwenye kitambaa chenyewe, kwa sababu uzi wa dukani ulikuwa shida kupatikana.

Kifuani, gauni hilo lilikuwa na mfuko mwekundu wa maua. Mfuko huo uliwashangaza watoto kila siku, maana ulishonwa pande zote nne. Haikuingia hata ncha ya kidole.

"Bibi, huu ni mfuko gani usiofunguka?" Tupokigwe aliwahi kuuliza.

"Ni wa urembo," Bibi alijibu, akafunika mkebe. Hakuwa mtu wa majibu mafupi, kwa hiyo jibu lile liliwabakia kichwani.

Na Sekela alikuwa na sheria moja tu: hatoki sebuleni. Kushikwa atashikwa, kupimwa atapimwa, lakini shambani haendi.

Jumamosi moja ya mwezi Machi, Bibi Hellen aliwapokea akiwa na furaha kuliko kawaida.

"Jumamosi ijayo nina mgeni," alisema hata kabla hawajakaa. "Mdogo wangu Anyitike anakuja kutoka Kisiba. Miguu ilimsumbua, ni miaka mitatu hajafika hapa. Mnajua kwenye simu ameniuliza nini? Hakuniuliza mimi nikoje, wala ng'ombe wakoje. Ameuliza, 'Sekela yupo?'"

Alicheka, lakini kicheko chake kilikatika katikati. Alikwenda kabatini, akauteremsha mkebe.

"Sasa, Sekela hawezi kumpokea mgeni na baridi hii akiwa na gauni peke yake. Mwantum utamshonea kilemba. Tupo, wewe koti. Lipime vizuri, liishie hapa kiunoni, ili gauni la mama lionekane. Hilo gauni na Sekela mwenyewe ndivyo vitu pekee vilivyobaki vya kazi ya mkono wa mama yetu. Mnanielewa?"

"Ndiyo, Bibi," walijibu pamoja.

Saa tano Bibi alikwenda kwa jirani kuchukua maziwa. Ilikuwa zamu ya Mwantum kumenya ndizi za mchana, basi alijipaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande, akaingia jikoni. Tupokigwe alibaki sebuleni na Sekela, akimpima kwa uzi: bega hadi bega, shingo hadi kiunoni.

Alimaliza kupima. Akamtazama Sekela. Akatazama mlango. Kwenye kiti kulikuwa na kanga ya Bibi.

Kidogo tu, alijiambia. Hapo hapo nyuma ya nyumba.

Alitoka na mlango wa uani kwa kunyata, akaingia kwenye migomba ambako hakuna ambaye angemwona. Alimweka Sekela mgongoni, akajifunga kanga, akatembea taratibu huku akimpigapiga na kumwimbia kwa sauti ya chini. Jamani, alifurahi! Kwa dakika zile chache hakuwa mwanafunzi wa darasa la sita anayejifunza ufundi. Alikuwa mama wa Sekela.

Kanga ilianza kulegea. Alimshusha Sekela, akamkalisha kwenye kisiki cha mgomba ili afunge upya. Mjomba Amoni, mtoto wa Bibi, alikuwa amekata mkungu pale asubuhi ile, na kisiki kilikuwa kinalia maji.

"Tupo! Tupo, uko wapi?" Mwantum aliita kutoka jikoni.

Tupokigwe alimnyakua Sekela, akahisi unyevu kwenye pindo la gauni, upande wa nyuma. Alilitazama. Lilikuwa limelowa kidogo, lakini halikuwa na rangi yoyote. Alilifuta kwa kiganja.

Ni maji ya mvua, alijiambia.

Sasa, kila mtoto wa Rungwe anaujua utomvu wa mgomba. Ukikudondokea leo ni maji matupu, wala hushtuki. Kesho yake doa linaanza kutokea, keshokutwa limekuwa la kahawia, na hapo halitoki tena. Tupokigwe alilijua hilo tangu hajaanza shule. Lakini alijiambia ni maji ya mvua, mara ya pili na ya tatu, akarudi ndani mbio.

Bibi aliporudi na maziwa yake, alimkuta Mwantum anatoka jikoni.

"Mwantum, mwanangu, mrudishe Sekela kwenye mkebe tule."

Mwantum alijifuta mikono kwenye sketi, akamshika Sekela kwa uangalifu, akamlaza, akafunika.

Siku ya Alhamisi Bibi Hellen alikuja sokoni kuuza parachichi, na jioni alipitia Makandana. Aliwakuta Tupokigwe na Mwantum mezani wanafanya hesabu. Baada ya shikamoo na marahaba, alikaa, akatoa mkebe wa biskuti kwenye kikapu. Mkebe ule haukuwahi kutoka Kawetele hata siku moja. Tupokigwe alipouona, aliweka kalamu chini.

Bibi alimtoa Sekela, akamgeuza. Kwenye pindo la nyuma palikuwa na doa la kahawia, pana kama kiganja cha mtoto mchanga.

"Sijaja kugombana," Bibi alisema kwa sauti ya uchovu. "Nimeloweka na limau, nimesugua na chumvi, halitoki. Huu ni utomvu. Nataka kujua tu limeingiaje."

Tupokigwe alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba alimpeleka shambani? Kwamba alikuwa anacheza, anambeba mgongoni kama mtoto wa chekechea? Mbele ya Mwantum?

Kabla hajapata neno, Mwantum aliinama, machozi yakaanza kumdondokea kwenye daftari.

"Ni mimi, Bibi," alisema. "Nilikuwa namenya ndizi. Nilijipaka mafuta, na niliosha mikono, lakini... labda haikutakata vizuri. Mimi ndiye niliyemshika mwisho. Nisamehe, Bibi. Sikujua."

Tupokigwe alilitazama daftari lake. Kusema ukweli kulihitaji maneno matatu tu, lakini maneno hayo yalikuwa mazito kuliko gunia la mahindi.

"Umesema mwenyewe bila kubanwa, nimekusamehe," Bibi alisema, akamfuta Mwantum machozi kwa ncha ya kanga. "Ila kwa sasa, mwanangu, Sekela usimshike. Shona wa kwako kwanza. Utanielewa, eti?"

Mwantum alitikisa kichwa kuwa ameelewa. Akakusanya daftari zake, akaaga.

Ijumaa asubuhi, darasani, Mwantum alimsogezea Tupokigwe kipande cha karatasi kilichokunjwa. Ndani palikuwa na sindano na kile kilemba kidogo cha kijani, kimekamilika.

"Mpe Bibi," alisema. "Mimi siji tena."

"Kwa nini? Si amekusamehe?"

"Amenisamehe, lakini mikono yangu inaharibu vitu vya watu. Nisije nikaharibu na kingine."

Tupokigwe alijaribu kumtania, akajaribu kumpa muwa wakati wa mapumziko. Mwantum aliupokea, akasema asante, akautafuna kimya. Hakuwa amenuna, na hilo ndilo lililomuumiza Tupokigwe zaidi. Mtu akikununia unaweza kumnunia na wewe. Mtu akikushukuru kwa muwa utafanyaje?

Baada ya shule alikwenda kwa Fundi Hamis. Alimkuta kibarazani anapachika zipu.

"Shikamoo, baba Mwantum. Eti, utomvu wa mgomba unatolewaje kwenye nguo?"

Fundi Hamis alicheka, pini ziko mdomoni. "Tangu nianze kazi hii naulizwa swali hilo. Watu wa huku wote mnaulizia dawa ya utomvu. Hakuna, mwanangu. Nguo ya utomvu nawaambia watafute kitambaa kingine, tufunike." Kisha aliacha kucheka. "Kwani nawe umechafua? Huyu mwenzako tangu jana hataki kugusa sindano. Nimempa vifungo avishikize, hataki. Anasema mikono yake ina mkosi. Mtoto anashona kuliko vijana wangu wa hapa, halafu anaacha hivi hivi. Zungumza naye, wewe ni rafiki yake."

"Nitazungumza naye," Tupokigwe alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo hata mwenyewe hakuisikia vizuri.

Lakini hakuzungumza naye. Unajua alifanya nini? Alirudi nyumbani, akachukua lile koti la bluu la Sekela, akaunga kipande cha vidole viwili chini. Koti lilipofika magotini badala ya kiunoni, alijua doa litafunikwa lote. Mgeni ataona koti, atasifu koti, na mambo yatapita. Alishona, akafumua, akashona tena, na akajichoma mara mbili.

Jumamosi alikwenda Kawetele peke yake. Njia ilikuwa ndefu ajabu. Mlima Rungwe ulikuwa umefunikwa na ukungu, na hapakuwa na wa kumwambia, "Ona, leo umelala."

Bibi Anyitike aliteremka kwenye bajaji akiwa na fimbo, vitenge viwili na sauti ya watu watano. "Gwe Hellen! Umezeeka!" alisema kwa nguvu, na dada yake alimjibu, "Na wewe umekuja kunionyesha jinsi ya kuzeeka!" Walikumbatiana mlangoni mpaka dereva akacheka.

Walipokaa, Bibi Hellen alimtuma Tupokigwe amvalishe Sekela. Alimvalisha kilemba cha Mwantum na koti lake la bluu, akalivuta chini, akamleta. Bibi Anyitike alimpokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole kwenye mishono ya kilemba, mmoja mmoja.

"Ona kilemba hiki," alisema mwisho. "Ona mishono hii, kama ya mama. Nani kakishona?"

Lakini Bibi Hellen hakuwa akitazama kilemba. Alikuwa ameinama juu ya Sekela na kuligeuza pindo la koti ndani nje, kama kawaida yake.

"Tupo, hili umeliunga. Tulipima kiunoni."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni tangu jana. "Ili asipate baridi, Bibi."

"Haya," Bibi alisema, akatabasamu. "Umeunga vizuri, kiungo hakionekani."

Basi, yakawa yamekwisha. Ameaminiwa, amesifiwa. Kilichobaki kilikuwa kula ndizi na maharage na kuagana na mgeni.

"Nimeuliza kilemba," Bibi Anyitike alirudia. "Ni kazi ya yule rafiki yake uliyenisimulia? Mwantum? Yuko wapi nimshike mkono?"

"Leo hakuja," Bibi Hellen alijibu polepole. "Alimchafua Sekela kidogo kwa utomvu. Bahati mbaya tu. Nadhani ameona aibu."

"Siye!"

Wote wawili walishtuka. Tupokigwe mwenyewe alishtuka, maana hakujua kwamba atapiga kelele.

"Siye Mwantum," alisema, na sasa alikuwa analia. "Ni mimi. Nilimpeleka Sekela kwenye migomba. Nilimbeba mgongoni, nilikuwa nacheza. Nikamkalisha kwenye kisiki. Mwantum aliposema ni yeye nikanyamaza. Na koti sikuliunga kwa ajili ya baridi. Nilitaka kuficha doa."

Alisubiri kugombezwa. Alitamani hata kugombezwa, ili kitu kile kiondoke kifuani. Lakini Bibi Hellen alikuwa ameduwaa. Alimtazama mjukuu wake, akamtazama mdogo wake, kisha akanyoosha mkono kwenye kikapu cha kushonea akachukua mkasi mdogo.

Alimvua Sekela koti. Akaingiza ncha ya mkasi kwenye mfuko mwekundu, akaanza kukata nyuzi zile za zamani, mmoja baada ya mwingine. Mfuko ulipoachia, chini yake, kwenye marekani, palikuwa na doa la kahawia. Doa la utomvu, limezeeka.

"Anyitike," Bibi Hellen alisema. "Unalikumbuka?"

"Nitalisahauje? Si ndilo lililonifanya nisimshike Sekela hadi leo hii? Mama alisema mimi ndiye niliyemchafua. Akashona mfuko juu, akasema Sekela ni wa Hellen, mimi nitaangalia kwa macho."

"Hukumchafua wewe. Nilikwenda naye shambani mimi, nikamlaza kwenye majani ya mgomba uliokatwa. Mama alipouliza, wewe ulikuwa mdogo, hukujua kujitetea. Nikanyamaza." Bibi Hellen alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mama amekufa anajua ni wewe. Kila nikifungua mkebe ule nauona mfuko huu, nasema leo nitampigia simu Anyitike nimwambie. Miaka sitini na zaidi, mdogo wangu. Nisamehe."

Tupokigwe hakuwahi kumwona bibi yake akilia. Alitazama chini.

Bibi Anyitike alijisafisha koo. "Hellen, mimi nilijua."

"Ulijua?"

"Kanga yako siku ile ilikuwa na madoa hayo hayo. Niliyaona. Nikasema, ataniambia mwenyewe. Nimesubiri kesho, nimesubiri Krismasi, umeolewa, nimeolewa, tumezika wazazi, nimeota mvi. Nikasema huyu dada yangu sasa atanichelewesha hadi kaburini!"

Walitazamana wale wazee wawili, wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, huyu akimpiga huyu begani. Tupokigwe hakujua afanye lipi, akafanya yote mawili.

Bibi Hellen alipotulia alimvuta mjukuu wake karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Gauni hili ni la mama yangu na nalipenda, lakini doa la utomvu halijawahi kuninyima usingizi. Kilichonisumbua miaka yote ni kumwacha mwenzangu abebe kosa langu, na kila siku niliyokaa kimya ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Wewe umechelewa siku mbili. Mimi nimechelewa maisha mazima. Umenishinda, na nafurahi umenishinda. Lakini bado hujamaliza. Vaa viatu."

"Tunakwenda wapi, Bibi?"

"Kwa Mwantum. Wewe una la kumwambia, na mimi pia. Nilimwambia mtoto asiye na kosa asimshike Sekela, kama mama alivyomwambia Anyitike. Hilo siliachi lilale."

Walimkuta Mwantum uani anaanua nguo kabla mvua haijarudi. Tupokigwe aliyasema yote, hakuruka hata kisiki. Mwantum alisikiliza, nguo mikononi.

"Kwa hiyo mikono yangu haina kitu?" aliuliza.

"Mikono yako haina kitu, mwanangu," Bibi Hellen alijibu, akaishika yote miwili. "Mimi mtu mzima nilikosea. Naomba unisamehe."

Mwantum aliona haya, akainamisha kichwa. Kisha alimgeukia Tupokigwe, akakunja uso.

"Nimekasirika," alisema. "Nimelia siku mbili. Mama amenipikia uji akidhani naumwa."

"Najua. Nisamehe."

"Ungeniambia unataka kumbeba. Mimi wa kwangu nambeba kila siku jioni."

"Wewe? Unambeba?"

"Sasa mdoli ni wa kufanyia nini?"

Walirudi Kawetele watatu, chini ya mwavuli wenye mguu mmoja uliovunjika, na Mwantum hakumsemesha Tupokigwe mpaka walipofika darajani. Baada ya daraja alisahau kwamba amekasirika.

Jioni ile mfuko mwekundu ulirudishwa mahali pake. Bibi Hellen alimkabidhi Mwantum sindano, akapima uzi toka ncha za vidole hadi kiwiko. "Shona wewe, mkono wako unafanana na wa mama," alisema. "Lakini safari hii pande tatu tu. Juu uache wazi. Anayetaka kuona doa letu aingize kidole aone." Tupokigwe naye alifumua kile kipande alichokiunga, koti likarudi kiunoni, na doa la nyuma likabaki linaonekana na kila mtu.

Bibi Anyitike alikuwa wa kwanza kuingiza kidole mfukoni. Kisha alisimama, akaiegemeza fimbo yake ukutani.

"Tupokigwe, lete kanga ya bibi yako," alisema.

"Ya nini, Bibi?"

"Nilinyimwa zamu yangu nikiwa na miaka mitano. Leo ninayo sitini na tisa. Nifunge."

Aliinama kidogo, mkono mmoja juu ya meza. Tupokigwe alimweka Sekela kwenye mgongo ule mpana, Mwantum akashika ncha za kanga, wakamfunga vizuri asidondoke. Bibi Anyitike alitembea kutoka kabatini hadi dirishani, na kutoka dirishani hadi kabatini, polepole kwa sababu ya miguu yake, akimpigapiga Sekela na kumwimbia. Bibi Hellen alikaa kitini anamtazama, mkebe mtupu mapajani.

"Usimwamshe," alisema.